Rangi mpya, bomba linavuja

Mhariri, mie mtu wa Bombo natafuta nyumba ya kununua huko Kira, karibu na Kampala hapa Uganda, na wauzaji wanatuchosha kweli. Juzi dalali kanipeleka kwa nyumba moja, ukuta rangi mbichi hadi pua inawasha, nikafungua kabati chini ya sinki nikakuta maji yanadondoka ndani ya kopo la rangi ileile! Si wangeanza na bomba jamani. Halafu nauliza hati, oh hii ni mailo, yaani ardhi ina mmiliki wake mwenye hati, muuzaji ana kibanja tu, haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine, hati iko kwa mwenye ardhi. Ungeniambia kwa simu kabla sijalipa boda! Wauzaji, fagieni ua, fungueni madirisha, punguzeni makochi sebuleni, karatasi ziwe mezani, ndo tuongee bei.

Mnunuzi aliyechoka, Bombo