Risala ya vijana wa filamu fupi za imani kwa mgeni wa heshima, Goma

Baba Padiri, mgeni wetu wa heshima;
Wachungaji na masheikh mliokubali mwaliko wetu;
Viongozi wa mashirika, mama zetu na baba zetu, walimu, wasanii wenzetu;

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalamu aleikum. Tunatoa salamu tatu kwa sababu kikundi kinachosimama mbele yenu kina watu wa salamu hizo zote tatu: Wakatoliki sita, watoto watatu wa CEPAC, kanisa la Kipentekoste, na wawili wanaosali msikitini kule Birere. Wenzangu wamenituma niwashukuru kwa kuja, na hasa wewe Baba, uliyepanda motari, pikipiki ya abiria, katika mvua ya leo mchana wakati ungeweza kumtuma mtu mwingine. Aksanti sana. Karibu.

Tulianza mwaka 2022 tukiwa wanne, na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Sasa tuko kumi na mmoja. Tumemaliza filamu tano, na leo mtaona tatu. Mengine ya historia yetu si marefu, nayaacha, ili muda ubaki kwa jambo lililotufanya tukuite wewe.

Baba, ukimwambia mtu wa Goma "filamu ya dini", anakumbuka ile ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa na Wamarekani mwaka 1979. Wengi wetu tuliiona tukiwa watoto, shuka limetundikwa ukutani, jenereta inanguruma nyuma, na Yesu anasema Kiswahili. Au anakumbuka za Nigeria, za Mike Bamiloye na mke wake, walioanzisha kikundi cha Mount Zion mwaka 1985 kwa michezo ya jukwaani, kisha wakaingia kwenye video. Tunawaheshimu. Walianza bila studio, kama sisi. Na hata hapa Kivu hatukuwa wa kwanza, kwa kuwa kabla ya Uhuru wamisionari walikuwa na kituo chao cha filamu Bukavu. Lakini tulipokaa na kuziangalia tena filamu tulizokua nazo, tuliona jambo moja linatusumbua. Mchawi anaanguka, mgonjwa anasimama, kila mtu analia kwa furaha, na filamu inakatika Jumapili ile ile. Sisi tulitaka kuona Jumatatu. Mtu aliyesali jana anafanya nini leo, akiwa na njaa, akiwa na deni, akiwa peke yake na jambo ambalo hakuna atakayelijua?

Mji huu una jibu, na jibu hilo lina jina. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Hapa alisomea sheria. Alikuwa katika Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki walei inayohudumia maskini, na wale watoto wa mitaani tunaowaita maibobo walimjua kwa sura kwa sababu aliketi nao. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyovuka mpaka. Waliokuwa na chakula kilichoharibika walimpa pesa akiachilie kipite. Alikataa. Mwezi wa saba 2007 alitekwa na kuuawa, na umri wake ulikuwa miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana Kinshasa, mwezi wa pili 2023, na tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Sisi tulifuata ibada ile kwenye simu mbili, watu kumi na mmoja, na intaneti ilikatika mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Filamu ya kwanza mtakayoiona si maisha yake. Hatukuwa na ruhusa wala ujuzi wa kusimulia maisha yake. Ni ya kijana mwingine, tuliyemtunga sisi, katika kazi kama ile. Na nataka niseme wazi jinsi tulivyoikosea mara ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo tulipojifunza. Tulimpa mchezaji maneno ya dakika mbili kuhusu uaminifu. Tukamwekea taa usoni, tukaweka na kinanda. Jumamosi moja tukaionyesha kwenye shirika letu, jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa. Mama zetu walisema "ni nzuri", kisha wakaendelea kuchambua maharagwe yao. Lakini mzee mmoja aliyebeba mizigo miaka mingi pale Petite Barrière, kwenye mpaka na Rwanda, alibaki amekaa. Akatuambia: "Mtu anayekataa pesa hahubiri. Anaogopa."

Tulirudi nyumbani kimya. Wiki iliyofuata tukaipiga upya, karibu yote. Sasa bahasha inawekwa mezani, na kijana haigusi. Anakwenda nyumbani. Mama yake anampa bugali na sombe, majani ya muhogo, anamwambia minerval, yaani karo ya shule, ya mdogo wake haijalipwa na Jumatatu atafukuzwa shule. Kijana ananawa mikono. Anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula, na mkono wake unasimama kifuani, haufiki begani upesi. Kisha anakula. Asubuhi anasaini karatasi ya kukataa mzigo. Hakuna neno lolote juu ya Mungu katika dakika tisa zote. Ule mkono uliosimama kifuani tuliurudia mara kumi na nne, mpaka mchezaji wetu akaacha kuigiza, akawa anasali kweli. Mama zetu walipoiona, maharagwe yalibaki kwenye ungo. Mmoja wao, ambaye mtoto wake anafanya kazi mpakani, aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka mwisho.

Baba, tunajua wapo watakaouliza: kama Mungu hatajwi, hiyo ni filamu ya imani kwa namna gani? Tunawajibu kwa heshima kwamba Makanisa yenyewe yalishafika hapo kabla yetu. Kule Cannes, Ufaransa, tangu mwaka 1974 Wakatoliki na Waprotestanti wanakaa pamoja katika juri moja na kutoa tuzo kwa filamu iliyo kwenye mashindano ya kawaida, hata ile ambayo haina padiri wala mchungaji ndani yake. Wanatafuta kile ambacho filamu inamfanyia moyo wa mtu. Nasi tunatafuta hicho hicho hapa Ndosho, hapa Katindo, hapa Majengo.

Kuhusu kazi yenyewe, ningeweza kukesha. Mji wetu ni mgumu kwa kamera. Tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko utosini, na macho ya mchezaji yanakuwa mashimo mawili meusi. Mawe ya volkeno nayo ni meusi, yanameza mwanga. Kwa hiyo tunapiga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, tunapumzika, tunarudi saa kumi. Shuka jeupe la mama wa mwenzetu ndilo linalorudisha mwanga usoni, na ninamwona pale nyuma: mama, Mungu akubariki. Lakini adui yetu mkubwa ni sauti. Sikio la mtu linachagua la kusikia; simu haichagui. Inachukua motari, jenereta, mvua juu ya mabati, na vipaza sauti vya makanisa mawili yanayopakana. Tumejifunza kuficha simu ya pili ndani ya nguo, karibu na kifua cha anayesema, imevikwa soksi. Sala ya filamu ya tatu ilirekodiwa ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, binti wetu akitokwa jasho na swaumu.

Filamu hiyo ya tatu, binti huyo ndiye aliyeiandika: jioni ya Ramadhani, sambaza chache, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye sahani, na jirani aliyekimbia vita anayesikia harufu kupitia ukuta wa mbao. Ya pili ni ya msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye Jumapili hakufika ibadani, na sababu yake mtaiona.

Tulikuwa tunaweka akiba ya kununua mikro, kinasa sauti. Ilifika dola 180. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mahali tulipoiweka palifunga milango, na mpaka leo hatujaishika. Wenzetu wawili walihama na familia zao, mmoja amerudi. Na watu sasa wanaogopa kamera. Kabla hujatamka jina lako, mtu anauliza nani amekutuma. Hatuwalaumu. Tunaweka simu chini, tunakaa, tunakunywa chai, na siku nyingine tunaondoka bila kupiga picha hata moja.

Sasa maombi yetu, Baba. Mikro moja ya kubandika kwenye nguo ingetuondolea mateso mengi, na ukumbi huu Jumamosi moja kwa mwezi ungetosha kwa maonyesho. Hayo ni madogo. La pili linatukaa moyoni zaidi: tunapoonyesha filamu kwenye mashirika, tunaomba viongozi wasisimame mara moja kueleza maana yake. Mwacheni mtu arudi nyumbani nayo. Mahubiri tunayapenda, tunayahitaji, na tunaomba yasubiri hata kesho yake.

Na la tatu ndilo tulilokuitia. Wapo katika mji huu waliosoma na Floribert, waliofanya naye kazi, waliokuwa maibobo na leo ni baba wa watoto. Miaka inapita, wengine wamehama, wengine wamezeeka. Tunaomba utusindikize kwao na kwa familia yake, wewe ukiwa mbele, ili watuambie kama wanakubali kukaa nasi. Wakikubali, tutarekodi sauti zao tu kwanza, bila sura, na nakala itabaki kwenu jimboni. Wakikataa, tutaheshimu. Hatuna haraka ya filamu. Tuna haraka ya kuwasikiliza.

Naomba kuwasilisha. Filamu ya kwanza ni ile ya dakika tisa. Tunawaomba waliokaa karibu na madirisha watushushie mapazia, na Baba, kiti chako ni hiki cha katikati.