YAH: MALALAMIKO KUHUSU BARUA PEPE ZETU KUKATWA MISTARI

Katibu,
Kikundi cha Wakulima wa Zabibu,
Hombolo, Dodoma.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu kinalipia huduma yenu ya barua pepe. Kila msimu wa mavuno nawatumia wanachama ratiba ya kuvuna kwa maandishi matupu, bila rangi wala picha, maana mtandao wa huku ni wa kusuasua na bando ni ghali. Kila shamba nalipangia mstari mmoja. Tangu mlipobadilisha mfumo, barua zinawafikia wanachama zikiwa hivi:

Shamba 14, Hombolo Bwawani, zabibu nyekundu, kilo 620, siku ya kuvuna
Jumanne
Shamba 15, Hombolo Bwawani, zabibu nyekundu, kilo 430, siku ya kuvuna
Alhamisi

Mama wa shamba namba 15 alifungua simu yake, akaona neno "Jumanne" limekaa peke yake juu ya shamba lake kama kichwa cha habari. Akavuna Jumanne. Gari la mnunuzi likaja Alhamisi kama ratiba ilivyosema. Nilikuwepo wakati kreti zinafunuliwa: za juu zimesinyaa, za chini zimepasuka na maji yake yanachuruzika, nyigu wamejaa. Zaidi ya nusu ya mzigo ulikataliwa. Yule mama amelea mizabibu ile mwaka mzima, na hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa.

Nilipowapigia simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba tatizo ni udogo wa simu zetu. Si kweli. Nilikwenda mjini nikafungua barua ileile kwenye kompyuta, nikatanua dirisha hadi likajaa kioo chote. Mistari ilibaki imekatika palepale. Ingekuwa ni simu tu inayokunja maandishi, yangejinyoosha yenyewe nafasi ilipopatikana. Maana yake mfumo wenu unaingiza mwisho wa mstari ndani ya barua yenyewe kila herufi zinapokaribia 72, halafu simu nayo inakunja kwa mara ya pili.

Wanachama wakijibizana ndiyo balaa zaidi. Alama ya > inayoonyesha maneno ya aliyetangulia inarefusha mstari, mfumo unaukata tena, na neno la mwisho linaangukia chini bila alama. Hapo hujui nani kasema nini.

Msiniambie kwamba kanuni zinawalazimisha. Mpwa wangu anayesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma alinifungulia waraka wa RFC 5322 wa mwaka 2008, unaoeleza kanuni za muundo wa barua pepe. Herufi 78 kwa mstari ni pendekezo. Ukomo wenyewe ni 998. Mstari wangu mrefu kuliko yote haufiki 100. Na kama lazima mkate, waraka mwingine wa aina hiyo, RFC 3676 wa mwaka 2004, umeshaonyesha njia: mfumo unatangaza kwenye vichwa vya barua kwamba maandishi yanaweza kuunganishwa, kisha unaacha nafasi moja tupu mwishoni mwa mstari uliokatwa, na programu ya mpokeaji inayofuata utaratibu huo inauunga tena. Njia hiyo ipo miaka yote hii, nanyi mnatoza fedha bila kuitumia.

Naomba mzime ukataji huo kwenye akaunti yetu, au muutengeneze kwa utaratibu nilioutaja. Naomba pia mumwandikie mama wa shamba namba 15 barua ya kukiri kosa, na mkae nasi tuzungumzie fidia ya mzigo wake. Nakala za barua ninazo, ile niliyoituma na ile iliyomfikia.

Ratiba ya awamu ijayo inatoka Jumatatu. Nahitaji jibu lenu kabla ya Ijumaa, la sivyo nitazunguka na karatasi shamba kwa shamba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Kikundi