Mama, chagua ndege ya moja kwa moja

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na Baba na wadogo zangu. Sisi huku hatujambo, na mjukuu wako ameanza kusimama kwa kushikilia kiti.

Nimezisoma safari mbili za ndege za kukuleta huku New York, alizonitumia Kaka ili tuchague kabla ya kulipa, na maoni yangu ni kwamba tuchukue ile ya moja kwa moja, ijapokuwa bei yake iko juu. Kutoka Nairobi hadi New York kwa njia iliyo fupi kuliko zote ni takriban kilomita 11,800, njia inayokata Sudan Kusini, Jangwa la Sahara na Morocco kabla ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Ukipitia Doha, Qatar, kama ile safari ya pili, kwanza utarudishwa upande wa mashariki, na jumla itazidi kilomita 14,000. Hata hivyo, si kilomita zinazonitia wasiwasi bali ule muda wa kungojea ndege ya pili, usiku, katika uwanja mkubwa ambako milango iko mbalimbali, na goti lako halijapona. Kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ya moja kwa moja, wasafiri wetu hawakuwa na budi kubadilisha ndege njiani. Wewe huna sababu ya kupata taabu hiyo.

Naomba pia Baba aelezwe kuhusu saa zilizochapishwa, maana kila uwanja huandikiwa saa ya mahali pake. Akiona ndege inaondoka karibu saa sita usiku na kutua JFK, uwanja wa ndege wa New York, yapata saa moja asubuhi, atadhani ni mwendo wa saa saba, ilhali utakaa angani takriban saa 15. Majira haya ya baridi New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 8, kwa hiyo utakaposhuka hapa asubuhi, huko Voi itakuwa saa tisa alasiri. Asishtuke basi akikosa simu yako mpaka jioni, kwa kuwa foleni ya uhamiaji nayo huchukua muda. Wakati wa kurudi safari hupungua kwa karibu saa nzima, kwani pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Dawa zako za presha zibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya pakiti zake, wala usiziweke katika sanduku litakalopakiwa chini. Muulize daktari utazimezaje saa zitakapobadilika, ili usije ukarudia dozi kwa kuona tu kwamba kumekucha tena. Omba kiti cha kando ya ujia, uinuke mara kwa mara kutembea, na unywe maji hata kama huna kiu, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kusababisha damu kuganda.

Treni ya kutoka Voi itakufikisha Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, lakini afadhali utangulie siku moja ulale kwa Shangazi. Mimi nitakuwa JFK, jengo la abiria namba 4 (Terminal 4), kabla hujatua, nikiwa na koti lako zito.

Mwanao akupendaye