Perege mwenye jina la mji wetu anapotea

Ndugu Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo huku Korogwe tunalichukulia poa sana. Kuna perege anaitwa Oreochromis korogwe, hilo ndo jina lake la kisayansi, yaani kapewa jina la mji wetu, wataalamu walimwandika mwaka 1955 na anatoka Mto Pangani huu huu unaopita hapa mjini, lakini ukimuuliza kijana sokoni leo hamjui, kwake kila perege ni sato.

Sato, huyu perege wa asili ya Mto Nile, sio wa huku jamani. Hata Ziwa Victoria kwenyewe ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950, na ngege na mbiru, perege waliokuwa wa pale toka enzi, wakaanza kupotea, huku sangara nae akiwamaliza kwa upande wake.

Mi mwenyewe nilichimba bwawa karibu kabisa na mto, nikanunua vifaranga wa sato, muuzaji akaniapia kwamba wote madume, hawazai. Miezi kadhaa mbele bwawa limejaa vitoto, afu masika ikapiga, mto ukapanda, tuta likakatika, samaki wote wakaenda na maji. Siku ile niliwaza hela yangu tu, sasa nikikumbuka inaniuma kwa sababu nyingine kabisa.

Maana shida ya sato sio kumla mwenzie kama sangara. Anakua haraka, anakuwa mkubwa, dume lake linateka sehemu za maji mafupi ambako perege wanachimba viota, na kibaya zaidi anazaliana nao, wanatoka machotara na hao machotara nao wanazaa, kwahiyo samaki anaisha huku mtoni unaona samaki wamejaa. Kule ziwa la Rutamba mkoani Lindi, ambako yupo ndugu wa huyu wetu wa Korogwe, watafiti walipima vinasaba wakakuta ameshachanganyika na sato.

Sipingi ufugaji, watu wanasomesha watoto kwa samaki. Ila nauliza wanaogawa vifaranga, kwanini hatuzalishiwi perege wa mto huu huu, tukapewa hao tufuge? Na sisi tulio kando ya mto, maafisa uvuvi wapite watukague matuta kabla masika haijaanza, mabwawa yaliyo bondeni yafukiwe. Langu nimeshalifukia.

Msomaji wenu,
Korogwe, Tanga