Jino langu na kakioo ka daktari

Mhariri,

Mi naishi Ngamiani hapa Tanga, miezi kama mitatu jino la nyuma lilikuwa linapwita kila nikinywa chai ya moto, daktari wa kwanza akachungulia na kakioo kake akasema jino zima, nikarudi zangu na Panadol. Wa pili ndo akanipiga eksirei, unang'ata kakipande kadogo kama stempu, sekunde tu picha ishatoka, kumbe limetoboka ubavuni linapobanana na mwenzake, pale kioo hakioni! Mionzi yenyewe kidogo sana, ila mwenye mimba aseme mapema. Sisemi tupigwe kila tukienda, asiye na shida ya nini, lakini kung'olewa kwa kubahatisha mpaka lini? Halafu bei ibandikwe ukutani bwana, mi niliijua nishakaa kwenye kiti mdomo wazi.

Msomaji wenu, Tanga