Atieno, kufuli la Mama bado liko mezani

Kibera, Nairobi
Jumapili usiku

Kwako Atieno,

Salamu nyingi sana. Huku sote wazima, Mungu ashukuriwe. Hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, naomba radhi.

Umeniuliza mara tatu kama vile vidani vitano vya kumkumbuka Mama, ulivyotaka niliyeyushe kufuli lake nivipate, viko tayari, na mara zote tatu nimekujibu "karibu, karibu." Havikuwa karibu. Kufuli la Mama liko hapa mbele yangu, zima vilevile kama lilivyotoka kwenye ule mkebe wa majani ya chai uliomkabidhi dereva wa Kisumu, na huu ni mwezi wa nne. Kazi zimekuwa nyingi, ndiyo, lakini si kazi zilizonizuia. Nimeshindwa kuliyeyusha. Kwa simu nilijaribu kukueleza nikaona maneno yananikwama kooni, heri niandike.

Siku lilipofika nilifurahi kweli. Nililipitisha sumaku: upinde wa juu ukanata, mwili ukakataa. Maana yake mwili si chuma kilichopakwa rangi kama mengi ya siku hizi. Ni shaba ya njano. Kwenye mizani yangu ndogo likasoma gramu 150 na kitu. Nikalifunga kwenye kitambaa, nikampelekea Mzee wa tanuri siku hiyohiyo.

Wewe kazi yangu umeizoea shingoni mwa watu, hujawahi kuiona ikipikwa, kwa hiyo vumilia kidogo. Shaba yetu tunainunua Gikomba kwa kilo: mifereji mibovu ya maji, vitasa, makufuli yaliyopoteza funguo. Nikishachonga mfano wa kidani, Mzee anaukandamiza kwenye mchanga ndani ya fremu mbili, anautoa, anachora vijia vya kupitishia shaba, kisha anawasha mkaa na feni. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo chungu kinapofikia joto la kumimina, moshi mweupe unaanza kupanda. Moshi huo si mchezo. Mara moja nilisimama upande ambao upepo ulikuwa unauleta. Usiku ule nilitetemeka kama mwenye malaria, mdomoni ladha ya sarafu, na kesho yake jioni nikawa mzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Vijana wa pale wanasema dawa ni maziwa. Nilikunywa, lakini sasa nasimama kule upepo unakotokea na nimewaambia na wao.

Basi Mzee akaligeuza kufuli mkononi, akaniambia, "Binti yangu, hili nitalitia na mengine." Nikamuuliza kwa nini. Akanihesabia. Ukiondoa upinde, inabaki kama gramu 120 za shaba. Vidani vitano ulivyotaka vinakula karibu gramu 100, na vile vijia kwenye mchanga navyo lazima vijae, la sivyo shaba haifiki mwisho. Haitoshi. Na chungu chenyewe kimeganda shaba ya mwaka mzima kwenye kuta zake, hata ukitia kufuli peke yake halitatoka peke yake. Alisema ukweli, simlaumu hata kidogo. Nikachukua kitambaa changu nikarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizunguka. Nimewaza kukufanyia tu na kunyamaza. Ungepokea vidani vitano vinavyong'aa, ndugu yako Ochieng angevaa chake kanisani, na ndani yake kuna mfereji wa choo cha mtu nisiyemjua. Hakuna ambaye angejua ila mimi na Mzee.

Lakini ngoja nikwambie kinachonitokea kila Jumamosi pale Soko la Wamaasai, kwenye uwanja wa magari karibu na mahakama. Mgeni akishika kidani changu cheupe, swali lake la kwanza ni kama hii si pembe ya ndovu. Namtolea lenzi yangu. Namwonyesha vitundu vyeusi vidogo kama ncha ya sindano, ambamo damu ilipita ng'ombe alipokuwa hai. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, ina mistari inayopishana kama wavu. Namwambia huu mfupa umetoka machinjioni Dagoretti, nimeuchemsha na sabuni mpaka mafuta yakaisha, nikauchovya kwenye peroksidi ukawa mweupe. (Si klorini, Atieno. Ukimsikia yule mwanafunzi wako anayetaka kujifunza akitaja klorini, mkataze, klorini inaula mfupa unakuwa kama chaki.) Tangu zile tani 105 za pembe za ndovu zilipochomwa mwaka 2016 huku Mbuga ya Taifa ya Nairobi, watu wanauliza zaidi, na mimi napenda waulize. Napenda kuweza kujibu. Hicho ndicho ninachouza, kwa kweli, zaidi ya mfupa wenyewe: kwamba najua kitu kimetoka wapi.

Sasa wageni niwaambie ukweli, halafu watoto wa Mama niwabahatishie?

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo lililonishika zaidi. Lichukue kufuli hili jioni, uliinamishe kwenye taa. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna mikwaruzo midogo midogo, mingi ajabu, imeelekea upande mmoja. Ni Mama huyo. Ni Mama anarudi kutoka Gikomba na beseni la samaki, giza limeshaingia, taa ya varanda haipo, anapapasa tundu kwa ncha ya ufunguo. Pembe ya kulia imelika mpaka ikawa laini, hapo ndipo kidole gumba chake kilipokuwa kikishika. Na ile bonde upande wa nyuma unaikumbuka? Siku ile ya mvua, ufunguo umepotea, sisi watoto sita tumejipanga chini ya paa kama kuku, Ochieng akaokota jiwe akaanza kugonga. Kisha Mama alipofika akaambiwa ni wezi! Naye akafungua pindo la leso yake, ile yenye michoro ya korosho, akatoa ufunguo ambao wala haukuwa umepotea, akafungua mlango, akapika, hakusema neno. Hadi leo sijui kama aliamini habari ya wezi.

Ufunguo ule ulikaa pindoni mwa leso pamoja na sarafu za nauli miaka yote tuliyoishi Kaloleni. Ukiyeyusha kufuli, mikwaruzo inakwenda, bonde linakwenda, gumba linakwenda. Inabaki shaba tu, na shaba nimejaa nayo hapa nyumbani.

Kwa hiyo nina wazo, na ndiyo sababu ya barua hii. Nilikate.

Usishtuke. Nina msumeno wa sonara, uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba kila mkato unakula kama nusu milimita tu. Unapakwa nta ya mshumaa ili usikwame, na hata hivyo utanikatikia mara nyingi, lakini nyuzi ni za bei rahisi na mikono ninayo. Mwili wa kufuli una kimo cha milimita 33. Nikilikata kwa mlalo, kama mtu anavyokata mkate, napata vipande vitano vya milimita 6 kila kimoja, upana sentimita 4. Vipande vya juu vitakuwa na matundu mawili ya mviringo ambamo upinde ulikuwa ukiingia, na hapo ndipo kamba ya ngozi itapita, hata sihitaji kutoboa. Kipande cha chini kabisa ndicho chenye tundu la ufunguo, hicho nitakitoboa pembeni. Nyuso nilizokata nitazipiga msasa namba 240, 400, 800, mpaka 1200, zing'ae uone sura yako. Lakini kingo za nje, pale penye gumba na mikwaruzo na jiwe la Ochieng, sitapagusa hata kwa kitambaa. Kila mtu atapata ukingo wa Mama kama ulivyo.

Nimelichora mara nyingi usiku watoto wakilala. Unajua tabia yangu ya kuchora mapindo ya leso. Sasa daftari zima limejaa mstatili mmoja wenye matundu mawili. Nilijaribu kuuzungushia korosho nikaona inasumbua macho, nikaifuta. Baba Imani ananiuliza kama nasomea uhandisi. Asubuhi nikimwagilia sukuma zangu kwenye gunia naliwaza, nikiwa Kariokor kuchagua kamba nawaza. Zile kamba nimeshanunua, nyeusi, na sijakuuliza. Nisamehe kwa hilo pia.

Tahadhari moja: shaba na jasho vikikutana, shingo inageuka kijani. Si sumu ya kutisha. Nitaipaka nta ya nyuki kwa nyuma, na ikirudi, waambie wapanguse kwa limau na chumvi, nyuma tu, mbele na kingoni wasiguse.

Mengine ni ya kawaida. Duka moja la mjini lilichukua vidani vyangu 40 kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, sasa ni mwisho wa mwezi wa tatu na simu haishikwi. Inaniuma, kwa sababu ile ilikuwa pesa ya karo. Mwalimu anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Kinyozi kahamia Rongai, nadhani umeshasikia, na sababu yake pia umeisikia. Imani amejifunza kupiga msasa na anaifanya vizuri kuliko nilivyokuwa umri wake, ila vumbi la mfupa simwachii bila barakoa.

Narudi kwenye kufuli, maana kuna ombi na nimelisogeza mpaka chini ya karatasi kwa sababu linanitia haya. Ndani ya kufuli mna springi ndogo na vipini vya shaba, vile vinavyotambua ufunguo wa nyumba. Msumeno ukipita katikati vitadondoka. Vidogo, kimoja hakifiki punje ya mchele. Naomba kimoja. Nyinyi ni watano wa tumbo lake na hesabu yako ni sahihi, siipingi. Lakini siku ile ya mvua tulikuwa sita chini ya paa, na sufuria alilopika Mama usiku ule alipakua sahani sita, na nyingine nyingi baada ya hapo, miaka ambayo kwetu hapakuwa na mtu wa kupika. Hakuna siku alinihesabia. Ukisema hapana nitaelewa, nitavirudisha vyote kwenye sanduku la kiberiti pamoja na barua ya Imani.

Sasa nijibu, tafadhali, na usijibu kwa haraka. Nikate au nisikate? Umewauliza wenzako, au hili ni lako peke yako? Nani achukue kipande chenye tundu: Ochieng kwa sababu ya jiwe, au kitinda mimba aliyelala na Mama mpaka mwisho? Na ufunguo je? Umo kwenye mkebe, sijaugusa. Ukae na wewe uliye mkubwa, au uzikwe naye siku mtakapojengea kaburi? Ile leso ya korosho iko wapi, kuna aliyeichukua? Nyumba ya Kaloleni amepewa nani, na wamefunga mlango kwa kitu gani? Wewe mwenyewe unalala? Unakula? Sauti yako mara ya mwisho ilikuwa imepungua na nilikata simu bila kukuuliza.

Msumeno upo. Nangoja neno lako.

Wako wa tangu Kaloleni,
Halima