Wafugaji wa kanga, tuambieni umri wa ndege mnaotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kanga, namaanisha ndege, sio kanga za kuvaa.

Mwezi uliopita wazazi wangu walitimiza miaka 50 ya ndoa, tukafanya sherehe nyumbani hapa Moshi. Baba zamani alikua mpishi kwa familia ya Waitaliano kule Arusha, watu wa Treviso, na toka tukiwa wadogo anatusimulia chakula walichokua wanapika siku kubwa tu, faraona na mchuzi wa peverada. Faraona ndo kanga kwa Kiitaliano, jina limetoka kwa Farao wa Misri, na Warumi wa kale walimuita kuku wa Numidia, huko Afrika kaskazini. Yaani ndege asili yake ni bara letu hilihili, wenzetu wanamuweka katikati ya meza ya sherehe, na sisi tunamfuga ili apige kelele akiona nyoka au mwewe! Mimi hilo linaniuma kwakweli.

Basi nikaamua wazazi wale faraona siku yao. Kaka akasema bila ndafu hakuna sherehe, sawa, ndafu ikawepo, ila meza ya wazazi nikaichukua mimi.

Wiki mbili kabla nilinunua kanga mmoja wa majaribio kwa mfugaji mmoja njia ya Boma Ng'ombe, nikamuuliza ana umri gani akaniambia huyu bado mdogo dada. Nimemtia kwenye oveni saa nzima, anatoka mzuri kwa macho lakini nyama kama kamba, baba akatafuna kidogo akaweka uma chini akasema huyu ametaga misimu miwili huyu, ni wa kuchemsha taratibu masaa matatu na divai sio wa kuokwa. Kanga wa kuoka awe wa miezi mitatu mpaka minne hivi, na baba akanifundisha kubonyeza ncha ya mfupa wa kidari, ikipinda kama gegedu ni mdogo, ikiwa ngumu huyo ni mzee hata muuzaji aape vipi. Sasa najiuliza, mteja ambaye hana baba mpishi atajuaje? Atapika mara moja, atasema nyama ya kanga mbaya na hatarudi tena.

Siku yenyewe nilipata watatu wa umri wake, kwa mfugaji mwingine, kila mmoja kama kilo na nusu. Nyama ya kanga haina mafuta, ikikauka imekwisha, kwahiyo kifua unakifunika na bekoni (kwa wasiokula nguruwe pakeni siagi nyingi), tumboni unaweka rozimari, hii inayoota uani kwa watu, na saumu na limau, oveni digrii 180, saa moja hivi, dakika za mwisho unatoa bekoni ngozi ipate rangi, halafu unamuacha apumzike dakika 10 usimkate. Mchuzi ndo wenyewe sasa. Maini unayakatakata madogo sana, unakaanga kwenye mafuta ya zeituni na saumu, soseji kavu ya nguruwe, ganda la limau, siki, na pilipili manga nyingi, maana kwa lugha ya kule Veneto, mkoa wa Italia uliko mji wa Treviso, pilipili manga ni pevere na jina la mchuzi limetoka hapo. Inatakiwa pia anchovi, visamaki vidogo vya chumvi, nikatumia dagaa wa Zanzibar ambao ni jamii ileile, nikawaloweka na kuwasaga, baba hakukataa.

Pembeni polenta, ambayo ni ugali laini wa unga wa chengachenga, maji lita moja kwa gramu 250, unakoroga dakika 40 bila kuondoka. Shangazi wa Kibosho aliongeza mara mbili.

Jambo lingine. Kuna watu wanapita mitaani na kanga wa porini miguu imefungwa kamba, mmoja niliyeletewa alikua na kidonda cha mtego. Sikumnunua. Kuwinda bila kibali ni kosa kisheria, na ndege huyo hujui hata umri wala alikua anakula nini. Wa kufugwa wapo, mayai yake yanaanguliwa siku 26 mpaka 28 na hata kuku wa kienyeji anayaatamia vizuri.

Kwahiyo wafugaji wa Hai, Moshi Vijijini, Tengeru na kwingine nawaomba, andikeni tarehe ya kuangua, mteja akiuliza mwambieni ukweli, mzee muuzeni kama mzee kwa bei yake, watu tutamchemsha. Mwanangu anapata kipaimara mwakani, nitahitaji kanga sita wa miezi minne, na nitawabonyeza kidari mmoja mmoja kabla sijatoa hela.

Mama wa nyumbani,
Moshi